Kuvalisha Nyumba

Nyumba tuliyonunua Nachingwea haikuwa na mlango. Sisemi mlango ulikuwa mbovu, nasema haukuwapo. Palikuwa na tundu ukutani lenye kimo cha mtu, na mkandarasi aliyeijenga alisimama ndani ya tundu hilo, kofia mkononi, akamweleza baba kwa upole kwamba bei waliyopatana ni ya kuta na bati. Mlango ni mapatano mengine. Madirisha nayo ni mapatano mengine. Baba akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka pale wenzake wangeshika fimbo, na mama alikuwa akisema kicheko cha mume wake kimemtia hasara kuliko pombe za waume wa wenzake.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni. Mradi wa karanga ulikwisha kufa, ila matanga yake yalikuwa hayajaanuliwa. Baba aliingia Nachingwea wakati matrekta bado yanang'oa msitu, akafundishwa kuendesha trekta, akawa anapokea mshahara wa mwezi. Kisha karanga zikakataa kuzaa kama wakubwa walivyoahidiana, Wazungu wakaanza kufunga masanduku, na wafanyakazi wakapewa kiinua mgongo na kuambiwa kwaheri. Wengi walirudi kwao na baiskeli mpya. Baba alipata kazi katika gereji ya malori, na kiinua mgongo chake akakikalia mpaka aliposikia kuna nyumba zinauzwa.

Mkandarasi alikuwa amejenga jengo moja refu pembeni mwa mji, la matofali ya simenti, akaligawa nyumba nyumba. Kila nyumba ilikuwa na vyumba viwili na kiua nyuma. Ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na jirani akikohoa ulimpa pole bila kuinuka mkekani. Bati na mbao alizipata kwa bei ya kutupa kwenye kambi zilizovunjwa. Watu waliziita nyumba za safu, na mtu aliyekaa humo alionekana amefika.

Lakini baba hakufuata bati. Kwetu sisi Wamwera mume ndiye anayehamia kwa mke. Baba alipooa aliondoka kwao na shoka na mkeka, akaja kukaa kijijini kwa mama, upande wa Ruangwa, karibu na Chunyu, chini ya macho ya mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Huko nyumba ni ya mwanamke. Mume akishindwana na watu anaondoka na shoka lake, na mkeka pia wakimhurumia. Mjomba alikuwa na tabia ya kupita alfajiri kutazama kama shemeji yake ameamka. Akikuta moshi haujatoka jikoni, anakohoa mara moja na kwenda zake, na kikohozi hicho kilizunguka kijiji kizima kabla ya mchana. Baba aliyavumilia kwa kucheka. Mjini, alisema, ataamka saa anayotaka yeye.

Mama naye alikuwa na lake. Kijijini nyumba ilikuwa yake, ndiyo, lakini ardhi ilikuwa ya ukoo na mdomo wa ukoo ulikuwa wa mjomba. Mara mbili alimhamisha. Mara ya kwanza alitaka kupanda mikorosho palipokuwa na jiko la mama. Mara ya pili sababu haikutajwa. Mama alibomoa, akajenga tena, akapiga udongo upya akiwa na mimba ya mdogo wangu wa kiume. Tangu hapo akawa na haja moja tu duniani, nyumba ambayo hakuna kiumbe atakayesimama uani na kumwambia, hama. Alituambia hivyo mimi na mdogo wangu tukiwa wadogo kabisa, akitumenyea muhogo, kama mama wengine wanavyowaambia watoto habari za sungura.

Kwa hiyo baba alipotuonyesha lile tundu na kucheka, mama hakucheka wala hakulia. Aliingia, akapima ukuta kwa mikono yake, akatoka.

"Mimi nimenunua mwili," baba akasema. "Wewe uuvalishe."

"Nauvalisha," mama akasema. "Nikishauvalisha ni wangu."

"Ni wako, mke wangu. Mimi na shoka langu tutaomba hifadhi."

Walicheka wote wawili. Mama alikuja mjini na sheria ya kijijini kichwani pamoja na vyungu vyake, akaitua chini na kuendelea kuitumia. Nyumba anayolala mwanamke, aliyoipiga sakafu na kupika ndani yake, ni ya mwanamke. Hakumwuliza mtu, maana hakuona cha kuuliza. Baba alikwenda boma peke yake, jina lililoandikwa kwenye kiwanja likawa lake, na mama siku hiyo alikuwa Ruangwa anapalilia ufuta. Angekuwapo mjini pia asingekwenda. Alidhani boma ni mahali pa kulipia kodi tu.

Akaanza kupanga. Hakujua kuandika, ila alijua kutenga. Alitafuta vibuyu vidogo, akavitundika ukutani kwenye kile chumba cha kambini tulichokuwa tukikaa, kila kibuyu na kazi yake. Kibuyu cha mlango, cha madirisha, cha sakafu, cha choo, na kimoja cha shingo ndefu kilichokuwa cha siku ya kuingia. Senti za togwa aliyouza gereji ziliingia kibuyu hiki, za vitumbua kile, na fedha za ufuta, ambazo ndizo zilikuwa fedha hasa, ziligawanywa zote siku moja huku tumefungiwa mlango tusione. Kuhamisha senti kutoka kibuyu kimoja kwenda kingine ilikuwa haramu kama nguruwe. Mdogo wangu aliugua macho mpaka yakaziba usaha, na mama akamwosha kwa maji ya chumvi, kwa sababu hakukuwa na kibuyu cha macho.

Huo ufuta aliulima kijijini, kwenye shamba alilopewa na mjomba. Msimu ukiingia aliondoka na jembe kichwani, akilala njiani Ruponda kwa watu wa kwao, na mimi nikabaki kumpikia baba. Alirudi amekonda, shingo nyeusi kwa jua, na kitu cha kwanza alichokitazama si sisi, ni vibuyu.

Gharama nazo zilikuwa zikizaana. Seremala alitaja bei ya mlango wa mninga, mama akajinyima, akalipa. Mlango ulipoletwa, seremala akataja bei ya fremu. Fremu ikalipwa, zikaja bawaba. Baada ya bawaba komeo, na baada ya komeo kitasa.

"Fundi," mama akamwambia, "wewe ulipozaliwa, mkunga alimtajia mama yako bei ya kichwa, akarudi kesho kutaja ya miguu?"

Seremala alicheka, ila bei haikushuka. Mchimba choo alichimba mpaka kiunoni, akakuta mwamba, akapanda juu na kukaa kwenye kivuli. Bei ile, alisema, ilikuwa ya udongo. Bwana afya akaja na fimbo yake, akapima kutoka shimo hadi ukuta wa jirani, akasema lifukiwe lichimbwe kule pembeni. Mama alilipa mwamba mara mbili. Jirani wa upande wa juu alikuwa ameinua sakafu yake, basi mvua ya kwanza ikahama kwake yote ikaja kulala kwetu, na simenti tuliyokuwa tumeihesabia ikawa haitoshi hata nusu. Ikaja zamu ya kuchangia kisima. Ikaja kodi ya kiwanja, ambayo baba alikuwa amesahau kuitaja. Alipoitaja, alicheka.

Mama alinivuta nje siku hiyo. Mwaka ule nilikuwa wa kuchezwa unyago na wenzangu. Wenzangu walikwisha hesabiwa, kanga zao zimenunuliwa, makungwi wametajiwa.

"Mwakani," mama akasema. "Sakafu haiwezi kungoja, wewe unaweza."

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kwa moyo wote. Wenzangu walitoka ndani wamepakwa mafuta, wanatembea taratibu wameinamisha macho, na mimi nikabaki nimesimama kisimani na watoto. Msichana asiyechezwa kwetu hata akiwa mrefu kama mlingoti ni mtoto. Walinitania, wakaniuliza kama mama yangu ameniweka rehani kwa mkandarasi. Walikuwa hawako mbali sana na ukweli.

Lakini siku tuliyoingia ndani nilimsamehe. Aliyekuja kusoma maulidi alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, ubani ukafukizwa vyumba vyote, jirani wote walikula wali, na kibuyu cha shingo ndefu kikapinduliwa kikatoa senti ya mwisho. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuja na wanawe wawili wakubwa. Alikula, akanawa, akapita chumba hadi chumba akikanyaga sakafu kwa kisigino.

"Wifi, umeitengeneza," akasema. "Kweli umeitengeneza. Kaka yangu ameoa."

Wageni walipoondoka mama alifunga komeo. Akalifungua. Akalifunga tena. Baba alimwuliza kama anataka kulimaliza siku ya kwanza. Mama akakaa sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye mlango, akalia machozi ya furaha, na mimi sijamwona tena amelia vile. Nilikaa karibu yake. Sakafu ilikuwa baridi, safi, na kwa mara ya kwanza nilimwona mama yangu amepumzika.

Tulikaa humo misimu miwili ya ufuta, na neno la mama juu ya unyago wangu likabaki lile lile, mwakani. Kisha lori likateleza kwenye jeki kule gereji, baba akiwa chini yake. Walimleta kwa machela, wakamlaza kwenye chumba cha mbele. Mama akafungua madirisha yake yote ili watu waweze kuona, maana walikuwa wengi.

Shangazi alilia kuliko wote. Alilia kwa sauti iliyofika barabarani, akavingirika, akavuliwa kilemba na wenzake wakamshika. Siku ya kuanua matanga alikuwa amenyamaza. Alipita chumba hadi chumba, na mwanawe mkubwa akimfuata, na safari hii hakukanyaga kwa kisigino. Alitembea polepole, macho yakitazama juu kwenye bati. Halafu akaketi karibu na mama, akamshika mkono.

"Wifi yangu, eda yako utaimalizia hapa hapa. Sisi ni Waislamu, hatuwezi kumtoa mjane ndani ya eda. Ukimaliza ndipo utawaita ndugu zako waje wakuchukue."

Mama hakuelewa. Nilimwona uso wake, alikuwa kama mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua. Akauliza wamchukue kumpeleka wapi.

Niseme kwa wale ambao si wa kwetu. Mtoto kwetu ni wa ukoo wa mama yake. Mimi na mdogo wangu tulikuwa watu wa mjomba, si watu wa baba. Watu wa baba ni wana wa dada yake, wapwa wake. Mwanamume akifa, alichokuwa nacho kinakwenda kwa wapwa. Kijijini jambo hilo halina makali makubwa, maana mwanamume ana shoka na mkeka tu, na wapwa wakija wanachukua shoka. Baba alikuwa mwanamume wa kwanza wa kwetu niliyemjua aliyekufa na kuta na bati kwa jina lake.

Shauri likapelekwa kwa jumbe na baraza la wazee. Mama, akiwa kwenye eda, hakutakiwa kutoka, basi baraza likaja kukaa uani kwetu, na yeye akasema kutoka ndani, kupitia dirishani. Mjomba alikuwa amefika kutoka Ruangwa na lori la ufuta, amevaa kanzu yake nzuri, na mimi nilipomwona nilijua tumepona. Alikuwa mtu wa maneno. Alikwisha shinda mashauri mengi kijijini, mengine bila haki.

Mama akataja alivyovinunua. Mlango, fremu, bawaba, komeo, kitasa, madirisha, sakafu, mwamba wa choo mara mbili, kisima. Alitaja kila kitu na mahali fedha yake ilipotoka, na hakukosea hata kimoja. Jumbe alimsikiliza hadi mwisho.

"Nani alikutuma ununue?"

"Mume wangu alisema niivalishe."

"Mume wako yuko wapi aseme?"

Mzee mmoja akasema mlango ukishatiwa ukutani ni mali ya ukuta, hilo halina mabishano. Mwingine, aliyekuwa na meno mawili tu na aliyependa kuchekesha watu, akasema, "Choo chukua, mama. Hicho hatukukatazi. Jitwike uende nacho." Baraza zima likacheka. Walicheka mpaka wakafuta macho. Mdogo wangu naye alicheka, kwa kuwa wakubwa walicheka, na nikamfinya mpaka akalia.

Mwalimu wa chuo akaomba nafasi. Alisema kitabu kinampa mjane thumuni yake, fungu moja katika manane, na watoto wana fungu lao kubwa kuliko ndugu wengine.

"Mwalimu," jumbe akasema, "wewe tuzikie. Kurithisha tuachie wenyewe."

Ndivyo tulivyokuwa. Tulisali swala tano, tukafunga Ramadhani, tukazikana kwa sunna, na ikifika mali tunarudi kwa babu zetu wa porini. Mwalimu aliinama akaanza kuhesabu tasbihi yake.

Shangazi akasema hana roho mbaya. Kama wifi yake anaipenda sana nyumba, mwanawe mkubwa yuko tayari kumrithi yeye pamoja na nyumba, abaki humo humo kama mke. Yule mwanawe alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anatazama vidole vya miguu.

"Na akinirithi, nyumba itakuwa ya nani?" mama akauliza.

"Ya mwanangu. Unataka iwe ya nani?"

"Na akinichoka?"

Shangazi akacheka kidogo. "Basi usimchoshe, wifi."

"Huyo nilimfuta kamasi," mama akasema. "Nilimbeba mgongoni akaninyea. Siwezi."

Ndipo alipomwita mjomba. Alimwita kwa sauti ya chini, "Kaka," basi. Mjomba akasimama, akakunja mikono ya kanzu, akafungua kinywa. Shangazi akamwahi.

"Shemeji, kabla hujasema. Milango hii imenunuliwa kwa ufuta. Waambie wazee shamba la ufuta ulilipata wapi."

Mjomba akaanza kuikunjua mikono ya kanzu.

"Basi nitasema mimi. Lilikuwa shamba la mjomba wako. Alipokufa ulimtoa mke wake na mtoto anayenyonya, mvua inanyesha, ukamwambia mila. Yule mama alikwenda zake kwa miguu hadi kwao Umakondeni, na mtoto hakufika. Uongo?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliomba maji. Aliletewa maji kwenye kata, akanywa yote taratibu, akafuta ndevu. Nilikuwa karibu naye na niliona jinsi alivyokuwa anafikiri. Akisema mila ni mbaya, kesho ataulizwa shamba, na mikorosho, na kila alichorithi. Akisema mila ni nzuri, dada yake analala nje.

"Mila ni mila," akasema, akakaa.

Mama akafunga dirisha. Halikubamizwa, lilifungwa tu, na baraza likaendelea kidogo na maneno ya kumalizia kana kwamba yeye hakuwapo. Aliniambia baadaye kuwa lile shamba alijua limetoka wapi tangu siku alipopewa, kijiji kizima kilijua. Alilima tu.

Eda ilibaki miezi. Shangazi hakutaka chumba cha mbele kikae bure, akamwingiza mpangaji, karani wa duka aliyekuwa akirudi amechelewa. Mama alikaa chumba cha nyuma, haruhusiwi kutoka, anamsikia mtu asiyemjua akifungua mlango wake na kulisukuma komeo lake. Kila mara lilipolia alishtuka. Mwisho wa mwezi shangazi alikuja kuchukua kodi ya mpangaji, na aliporudi safari iliyofuata alimwuliza mama kama anaweza kusaidia kodi ya kiwanja, kwa kuwa bado anakaa humo. Mama akatoa. Alitoa senti za mwisho za vitumbua, na sikuwahi kuelewa kwa nini, mpaka nilipokuwa na nyumba yangu. Mtu huwa anaendelea kuilipia.

Tukarudi Ruangwa na vyungu na mkeka. Mjomba alitupa kibanda cha nyuma kilichokuwa cha mbuzi, akasema ni cha muda. Hakuweza kumtazama mama usoni, kwa hiyo alimwonea. Akimkuta anapumzika, anamwuliza kama mjini walikuwa wanapumzika saa hizi.

Aliyetupokea ni mke wake. Mjomba, kwa kuwa ni mkubwa wa ukoo na haondoki kijijini, yeye ndiye aliyeleta mke kwake, na mke huyo alitoka mbali, upande wa Masasi, hana ndugu hapo. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiyejua kusengenya hata akifundishwa. Alipika chungu kikubwa kila siku akatuita kabla hatujaona haya. Alimtibu mdogo wangu macho. Akasikia kuwa mimi sijachezwa, akauza kuku wake, akatafuta kungwi, akaninunulia kanga kwa mkono wake, na mimi nikatoka ndani nimepakwa mafuta, natembea taratibu, nimechelewa lakini nimetoka. Nilimpenda. Mama alimshukuru siku hiyo kwa kumpigia magoti.

Wakati huo korosho zilianza kuwa na fedha, na mjomba akajenga. Nyumba ya matofali ya udongo, lakini bati juu, ya kwanza pale kijijini. Mkewe alibeba maji ya kufyatulia matofali yale tangu kisimani, ndoo kwa ndoo, msimu mzima wa kiangazi. Akapiga lipu kwa viganja vyake, akasiriba sakafu. Mama alikuwa kibandani kwake anaona.

Mjomba alikufa kwa tumbo kuelekea mwisho wa miaka ile ya hamsini. Mpwa wake alikuwa mmoja tu, mdogo wangu, kijana mwenye sauti ambayo ndiyo kwanza inavunjika. Alilia msibani, kisha akaenda kutega ndege. Hakujua amekuwa tajiri.

Mama alijua. Alimwacha mjane amalize eda yake, hakumpunguzia hata siku. Siku ilipokwisha alivaa kanga safi, akavuka uani, nami nyuma yake, akamkuta mwenzake anaosha vyungu.

"Wifi," mama akasema, "tuma watu Masasi, ndugu zako waje."

Mke wa mjomba aliendelea kusugua chungu kimoja kwa muda mrefu. Hakujifanya haelewi, alikuwa na akili kuliko sisi.

"Maji ya matofali haya nilibeba mimi."

"Najua. Nilikuona."

"Mlikuja hapa na njaa, nikawapikia."

"Tulikula cha kaka yangu."

Alinitazama mimi. Nilikuwa nimevaa ile kanga aliyoninunulia, imechakaa, na nilitazama chini kama mwali anavyofunzwa. Akarudi kwenye chungu chake. Ndugu zake walipofika alitoa vyombo vyake kimoja kimoja, na mama amesimama penye kizingiti anaangalia. Sufuria moja aliizuia, akasema ile ilinunuliwa na marehemu. Wakavuka uwanja wakaishika njia ya mashambani, na yule mama hakugeuka nyuma.

Jioni ile tulikuwa ndani, mama anafagia. Nikamwuliza kama amesahau Nachingwea, kama amesahau yule mzee wa meno mawili na watu waliocheka.

"Nakumbuka kila neno," akasema, bila kuacha kufagia. "Nisingekumbuka ningejuaje kufanya?"

Akaniambia nilete mikeka kutoka kibandani kabla umande haujaanguka.